Darsa la Ramadhani, siku ya 17: Sonona si upungufu wa imani



Nabii Yaaqub (a.s.) alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Soma Surat Yusuf, aya ya 84. Naye ni Nabii! Basi nani kakwambia mwenye huzuni hana imani?

Iko huzuni ya kupita, na iko sonona, nayo ni maradhi. Ukiona wiki mbili mfululizo moyo mzito, usingizi hauji, hata futari haina ladha, usijifiche. Nenda hospitali. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na dua iende pamoja na tiba.

Unayetumia dawa, usiziache kwa sababu ya funga. Muulize daktari kama unaweza kumeza wakati wa futari na daku. Ikishindikana, mgonjwa ana ruhusa ya kula, atalipa akipona.

Na wewe mwenye ndugu wa hivi, usimwambie "ongeza swala tu". Futuru naye, msikilize, msindikize kwa daktari. Akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.