Usipige kiki bado: vidokezo vya kuifufua pikipiki iliyolala stoo

Miaka ya kulala si lazima iiue pikipiki. Inayoiua ni dakika moja ya furaha. Mjukuu kaitoa stoo, kaifuta vumbi, kamimina petroli lita moja ya chupa, vijana wamejaa uani, na mmoja mwenye mapaja ya kuvuta nyavu anapanda na kupiga kiki kwa nguvu zake zote. Ringi zilizogandia ukutani zinakwangua silinda, kutu ya tangi inashuka mpaka kwenye kabureta, na chombo kilichokuwa kizima kinakuwa chuma chakavu mbele ya mashahidi. Kama pale kwenu Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuna Honda ya babu au Yamaha iliyoachwa tangu enzi za bwana shamba, imefunikwa turubai nyuma ya madumu, soma haya kabla hujamwita mtu wa kupiga kiki.

1. Kadi kwanza, spana baadaye

Kabla ya kununua hata plagi, tafuta kadi ya pikipiki. Linganisha namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa kwenye shingo ya usukani, na ile ya injini iliyo ubavuni mwa injini yenyewe. Kutu ikizificha, tumia msasa laini na subira. Ukisugua kwa fujo utaifuta namba, na hapo utakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Jina kwenye kadi likiwa la marehemu, kaeni kikao cha familia mapema, kwa sababu pikipiki inayowaka hupata warithi wengi kuliko iliyokufa. Kisha panda Sumbawanga ukaulize TRA jinsi ya kuhamisha umiliki na kama kuna deni. Ada ya leseni ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, lakini hilo lisikufanye udhani kumbukumbu zako ni safi.

2. Jua aliyelala ni nani

Si kila mzee ana ugonjwa mmoja. Ukikuta Honda CG125, shukuru. Honda waliitoa mwaka 1976 baada ya kuona CB125 zao zinaumia mikononi mwa watu wasiobadilisha oili kwa wakati. Wakatengeneza injini ya kuvumilia uzembe, inayofungua valvu kwa fimbo za kusukuma badala ya mnyororo wa ndani. Wachina wakainakili, na nakala hizo ndizo zilizojaza vijiwe vya bodaboda, SanLG zikiwemo. Maana yake vipuri vingi vya SanLG vinaweza kuingia kwenye Honda ya babu. Nenda na kipuri cha zamani mkononi, kipime dukani, usibahatishe kwa maneno. Vya Boxer na TVS usihangaike navyo. Hizo ni za Kihindi na ukoo wake ni mwingine.

Ukikuta Honda 50, 70 au 90, zile ndogo za kukalia kama baiskeli ya kike, hizo ni ukoo wa Super Cub ulioanza mwaka 1958 na kuvuka pikipiki milioni 100 mwaka 2017. Vipuri vyake havijakauka duniani, ingawa huenda ukaagiza Kariakoo na kuvisubiri kwenye basi.

Yamaha AG100 ndiyo yenye mambo. Hii ilitengenezewa wakulima na wafugaji, mnyororo wake umefungiwa ndani ya kasha, na mara nyingi ukifungua kasha hilo unaukuta mnyororo una hali nzuri kuliko mwenye pikipiki. Lakini ni injini ya mipigo miwili, inayochoma oili pamoja na petroli, na vijana wengi wa vijiweni hawajawahi kuigusa. Kwa bahati Kirando ni mji wa wavuvi. Mtafute fundi wa injini za boti. Huyo mipigo miwili ameizoea, na atakueleza habari za sili za krenki, zile zinazozuia injini isivute hewa ya wizi, ambazo wa bodaboda hajawahi kuzisikia.

3. Mafuta ndani, mikono mfukoni

Fungua plagi. Mimina kwenye tundu lake mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi, kama vijiko vitatu hivi vya chakula, kisha ondoka. Kweli, ondoka. Rudi kesho, ongeza kidogo, ondoka tena. Injini iliyokaa miaka kumi haidai kuamka Jumamosi hii.

Baada ya siku kadhaa, plagi ikiwa bado nje, weka gia ya juu kabisa na sukuma tairi la nyuma kidogo mbele, kidogo nyuma, kwa mikono. Ikisogea hata upana wa kidole, umeshinda. Endelea taratibu mpaka izunguke yote. Funika tundu la plagi kwa kitambaa, maana mafuta yataruka na shati lako jeupe halitasamehewa. Isiposogea kabisa baada ya wiki mbili, usitafute nyundo. Ni wakati wa fundi kufungua kichwa cha silinda, na hiyo ni nafuu kuliko kuvunja pistoni.

Anayebisha kwamba mafuta hayaokoi chuma namna hiyo, mwambie habari za meli ambayo vizazi vya mwambao huu vimeipanda. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Graf von Goetzen karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini mainjinia wake walizipaka injini grisi nene kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaikuta injini bado inafaa, na Mei 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba. Honda yako haijakaa chini ya ziwa.

Au pengine imekaa. Maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda sana miaka ya karibuni, na kama stoo iliingiwa na maji, kila kilichoelezwa hapa kinaanza na kumwaga oili yote na kuiangalia. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani. Faraja ni kwamba maji haya ni baridi, si ya chumvi. Pikipiki ya Kirando ina nafuu kuliko dada yake aliyelala Bagamoyo.

4. Fukuza wapangaji

Nyigu wa udongo hupenda bomba la moshi na tundu la hewa la kabureta. Panya hujenga ndani ya kisanduku cha kichujio cha hewa na kutafuna nyaya akimaliza. Tochi na waya mrefu vinatosha kuwaondoa. Usianze kuwasha ili “wapulizwe na moshi”.

5. Tangi

Petroli iliyokaa miaka hainuki petroli. Inanuka rangi ya ukutani. Imwage yote, mbali na jiko la dagaa na mbali na mvuta sigara. Ndani utaona kutu, na hapa ndipo watu wanapokimbilia maji ya betri. Yanakula kutu kweli, na yakimaliza kutu yanakula tangi. Siki ni bora. Jaza tangi, acha siku mbili au tatu, tia konzi ya nati ndogo, tikisa, mwaga, hesabu nati zako zitoke zote. Suuza kwa maji yaliyotiwa magadi ili kuua ukali wa siki, kisha kausha upesi kwenye jua la mwambao, ambalo kwa kazi hii halina mpinzani. Likishakauka tu, zungushia petroli yenye oili kidogo, la sivyo kutu mpya itaota kesho yake. Weka na kichujio kidogo kwenye mpira wa mafuta, kile cha bei ya soda mbili.

6. Kabureta

Ifungue yote mezani, juu ya kitambaa cheupe, piga picha kwa simu kila hatua. Utando wa kahawia unaouona ni petroli iliyokauka. Jeti zake ni shaba laini zenye tundu dogo mno: zisafishe kwa petroli, upepo wa pampu na uzi mmoja wa waya wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Sindano ya kushonea hapana, hata kama fundi amefanya hivyo tangu ujana wake. Tundu likipanuka kwa upana wa unywele, pikipiki itakula mafuta maisha yake yote.

7. Oili, na mtego wa mwambao

Kwa CG, mwaga oili ya zamani, weka mpya. Haifiki lita moja. Baada ya safari fupi chache za mwanzo uimwage tena, maana itakuwa imekusanya uchafu wa miaka. Pima na nafasi ya valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.08. Yaani karatasi nyembamba, si sarafu.

Kwa mipigo miwili kuna mtego. Dukani Kirando utapewa oili ya injini za boti, na muuzaji hana nia mbaya. Soma chupa. Iliyoandikwa TC-W3 imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya ziwa. Injini ya pikipiki inapozwa na upepo, inachemka zaidi, na inahitaji iliyoandikwa JASO FB au FC. AG100 ina tangi lake la oili na pampu, lakini baada ya miaka mingi mpira wa pampu huwa umejaa hewa. Kwa hiyo tangi la kwanza la petroli lichanganye na oili kwa mkono pia. Itatoa moshi kama tanuri la kukaushia samaki. Acha itoe.

8. Umeme

Nyingi ya pikipiki hizi zinaweza kuwaka kwa kiki bila betri nzuri, hivyo usinunue betri kwanza. Nunua plagi mpya, acha nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7, igusishe kwenye chuma cha injini na uone cheche wakati mwenzako anazungusha injini. Fanya hivyo mbali na tundu la plagi na tangi, kwa sababu cheche na mvuke wa petroli havijui utani. Nyingi za zamani, CG za mwanzo zikiwemo, zina umeme wa volti 6 na vidude viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kuleta cheche. Vikilala vinaota utando. Karatasi ngumu iliyopitishwa katikati mara kadhaa mara nyingi inamaliza ugomvi. Betri ya volti 12 ya bodaboda kwenye pikipiki ya volti 6 ni njia ya haraka ya kuunguza taa zote.

9. Breki na matairi kabla ya mwendo

Tairi lina tarehe. Tafuta tarakimu nne kwenye ubavu: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na mjadala umeisha. Likiwa na nyufa litupwe, hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Fungua magurudumu yote mawili uangalie breki shuu. Gundi inayoshika bitana kwenye shuu huchoka kwa kukaa. Bitana ikibanduka ukiwa mteremkoni, gurudumu linaweza kujifunga ghafla. Shuu mpya ni bei ndogo. Nyaya za breki na klachi zitie oili mpaka zitokeze upande wa pili.

10. Rangi mwisho

Watu huanza na rangi, stika na kiti kipya chenye nakshi. Pikipiki inang'aa, haiwaki, pesa imekwisha. Mimi ningeiacha rangi ya kiwandani hata ikiwa imepauka. Ikishapuliziwa nyekundu ya duka haiwezi kurudi.

11. Siku ya kiki

Sasa piga. Kwanza kiki kadhaa pole pole, swichi ikiwa imezimwa, ili oili ipande. Kwa mipigo miwili hakikisha dizeli uliyomimina imetoka yote. Halafu swichi, choki, kiki moja ya uhakika. Ikiwaka, usivute mafuta kwa mbwembwe. Iache ingurume taratibu yenyewe, sikiliza. Mlio wa chuma kugonga chuma, zima. Ya mipigo miwili ikipandisha mlio yenyewe bila kuguswa, zima haraka: sili za krenki zimekauka, inavuta hewa ya wizi, na itajikaanga.

12. Usiipeleke Namanyere wiki ya kwanza

Zunguka mitaa ya Kirando kwenye tambarare, rudi, kaza nati. Ukishaiamini ndipo upande Namanyere au Sumbawanga, na hapo kumbuka hesabu ya hewa. Ziwa liko mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, Sumbawanga kama 1,800. Hewa ya juu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo pikipiki iliyorekebishwa ziwani ikifika Sumbawanga itakuwa na petroli nyingi kuliko hewa: itakuwa nzito, plagi nyeusi. Inaudhi tu. Hatari ni kinyume chake. Iliyorekebishwa Sumbawanga ikishuka ziwani inakosa petroli ya kutosha, inachemka, na ya mipigo miwili inaweza kukaza pistoni. Kama unaishi juu na chini, irekebishie chini.

Kuteremka nako kuna adabu yake. Breki za ngoma zikichemka zinaacha kushika, kwa hiyo tumia gia ndogo na uache injini izuie. Ila ya mipigo miwili, ukiachia mafuta kabisa kwenye mteremko mrefu, oili nayo inapungua wakati injini bado inazunguka kwa kasi. Kila baada ya muda kamata klachi, vuta mafuta kidogo, achia, endelea kushuka.