Usiuze chombo ukabaki na ufunguo wake

 

Safari hii, wadogo zangu, nina barua moja tu mkononi, ya msichana wa Faza, kisiwani Pate. Anasema kaka yake ni fundi wa simu, na ameunda kisanduku kidogo kinachokaa ndani ya ngama ya mashua. Usiku mashua ikiwa imetia nanga na mwenyewe amelala nyumbani, maji yakizidi kiasi kisanduku kinampigia simu aje kuyafua. Wavuvi wanne wameshakinunua, wengine wanauliza bei. Sasa nyumbani kuna mvutano. Kaka mtu anataka kila kisanduku akimiminie gundi ngumu ndani na kukitia namba ya siri, ili asiwepo wa kukifungua wala kubadilisha betri ila yeye. Hiyo, anasema, ndiyo patenti ya maskini. Dada mtu moyo unakataa, ila hajui amjibu nini. Ananiuliza: "Dada, tukifunge au tukiache wazi? Na patenti ya kweli tunaipataje?"

Mdogo wangu, kwanza mpe kaka yako mkono kwa niaba yangu. Aliyewahi kushuka ufukweni alfajiri akakuta mashua yake imelala chini ya maji, mashine na nyavu zote zimo, anaijua thamani ya kazi hiyo. Kabla sijakujibu, nikuhadithie yaliyonipata.

Zamani kidogo nilikuwa na kiduka cha kuchapa na kutoa kopi Langoni, hapa mji wa Amu, yaani Lamu. Wateja wangu wengi walikuwa watu wa Pate. Huja asubuhi, hupita ofisi hii na ile, huchapishiwa fomu zao za serikali za eCitizen, kisha mbio kwenye boti. Mkanda wa Manda, ule mlango mwembamba wa bahari wanaopitia, haumngoji mtu. Maji yakishatoka, boti haipiti, na mtu hulala Amu asipokuwa na pa kulala.

Siku hiyo alikuja mama mmoja na karatasi za mwanawe za shule. Katriji ilikuwa imekauka jana yake, nami nilikuwa nimeijaza wino kwa sindano kama kawaida yangu, pole pole, huku nafuta tone kwa kitambaa, ncha za vidole zimekuwa nyeusi. Nikairudisha mahali pake, nikabonyeza. Kioo kidogo cha printa kikawaka: katriji hii haikubaliki. Wino umo. Karatasi imo. Printa ni yangu na risiti ninayo. Wiki iliyotangulia ilikuwa ikikubali wino uleule. Kilichobadilika ni programu yake, iliyojisasisha yenyewe kupitia intaneti bila mimi kuulizwa. Katriji mpya ilikuwa Mombasa. Yule mama alisimama mlangoni, jicho moja kwangu, jicho moja baharini, na mwisho akaenda zake bila karatasi.

Tangu siku ile, kila ninaponunua kitu chenye umeme, swali langu la kwanza ni hili: ufunguo uko kwa nani?

Sasa tuje kwenye patenti, ambayo Kiswahili sanifu kinaiita hataza. Watu wengi huchanganya hataza na kufuli, na kaka yako naye amechanganya. Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na umma. Wewe unaeleza waziwazi, kwa maneno na michoro, jinsi kitu chako kinavyofanya kazi, mpaka fundi mwingine wa kazi hiyo aweze kukiunda kwa kusoma tu. Umma nao unakupa muda, ambao kwa sheria ya Kenya ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi, na ndani yake mwingine haruhusiwi kukiunda wala kukiuza bila idhini yako. Miaka ikiisha, ujuzi ni wa wote.

Kufuli halina kalenda. Halielezi chochote wala halimfundishi mtu. Gundi ya kaka yako itakaa miaka 20, itakaa 40, na siku atakapofariki hata wanawe hawatajua kilichokuwa ndani. Kwa hiyo anachokitaka ni kinyume kabisa cha patenti.

Na hata patenti yenyewe ina mpaka wake. Kule Marekani kampuni kubwa ya printa, Lexmark, iliishtaki kampuni ndogo iitwayo Impression Products. Hii ndogo ilikuwa ikinunua katriji tupu, inazijaza, inaziuza tena, kazi ileile niliyokuwa nikiifanya na sindano yangu Langoni. Lexmark ilidai hataza zake zinamfuata mnunuzi hata baada ya mauzo. Tarehe 30 Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba mwenye hataza akishauza kitu, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha, kiwe kimeuzwa ndani ya nchi au nje. Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 nayo, katika kifungu cha 58, inasema haki za hataza hazifuati bidhaa iliyokwisha kuingizwa sokoni, Kenya au nchi nyingine. Aliyeuza ameuza.

Lakini angalieni vizuri, wadogo zangu. Hukumu ile haikuing'oa kwenye katriji chipu inayoifanya printa iikatae ikijazwa upya. Sheria inaweza kusema kitu ni chako na kufuli likaendelea kukukatalia. Ndiyo maana mimi huliogopa kufuli kuliko hataza. Hataza unaweza kuijadili mahakamani, kufuli halina masikio.

Simaanishi kila kufuli ni dhuluma. Kuna kufuli la deni. Visiwani kwetu wengi tumepata taa za sola kwa kulipa kidogo kidogo. M-KOPA ilianza kuziuza Kenya mwaka 2012, ukilipa kila siku kwa simu, na usipolipa taa inazimwa. Safaricom na Google walifuata mwaka 2020 na simu za Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 kwa siku, na simu ya asiyelipa hufungwa. Bila mpango wa namna hii, nyumba nyingi zingebaki na koroboi. Kufuli la deni lina haki yake maadamu linakufa pamoja na deni. Siku ya shilingi ya mwisho, ufunguo uje kwako. Anayekuuzia akisita kulijibu hilo, sita na wewe kutoa pesa.

Sasa najua kaka yako atasema: nikiacha wazi, nitaibiwa, na uvumbuzi utakufa. Mwambie hivi. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ya mezani iliyoundwa kwa vipuri vya kununua kwa wengine, na ikachapisha kitabu kinachoeleza jinsi ilivyounganishwa. Compaq na wenzake wakatengeneza zinazoingiliana nayo, bei zikashuka, na kompyuta ya aina hiyo ikaenea duniani. Mwaka 1987 IBM ikabadili mawazo. Ikaleta mashine mpya yenye njia ya ndani ya kuunganisha vipuri, inayolindwa kwa hataza, na anayetaka kuiiga ailipe. Mwaka uliofuata wapinzani tisa wakaungana wakatoa njia yao, na soko likaenda bila IBM. Fundi wa kompyuta hapa Amu anayetoa diski kwenye mashine ya kampuni moja na kuitia kwenye ya kampuni nyingine, ikawaka, anakula matunda ya mlango ule uliobaki wazi.

Wala tusiende mbali. Nendeni Matondoni mkatazame chombo kikiundwa. Hakuna mchoro wa karatasi. Fundi hulaza mkuku, hupanga mataruma kwa jicho, hupigilia mbao, kisha hutia kalafati. Umbo la jahazi halina mwenyewe. Chombo kikivunjika taruma Kiunga au Shimoni, fundi yeyote wa huko hubadilisha, safari ikaendelea, na kwa sababu hiyo baharia hukiamini. Je, uwazi huo umeua ubunifu? Wazee wetu walishona mtepe kwa kamba za nazi, wajukuu wakaja na misumari, kisha na mashine nyuma ya dau. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake wakashusha majini hapa Lamu ile Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya ndara zipatazo 30,000. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Mkuku na mataruma yake ni ya plastiki, lakini mkono ulioyachonga ni uleule uliozoea mbao. Ujuzi ule ungekuwa umefungwa kwa gundi, nani angeujaribu kwenye plastiki?

Hata hivyo nisimdanganye kaka yako. Fundi wa jahazi hulipwa kazi ya mikono yake, na jahazi haliigwi kwa wiki moja. Kisanduku cha umeme huigwa. Hofu yake ni ya kweli, na dawa yake ni ile hataza yenyewe, kwa njia yake.

Hatua ya kwanza ni kutafuta. Kengele ya maji ya ngama si jambo geni duniani, na kilichokwisha kujulikana popote hakipewi hataza. Kilicho chake huenda ni kimoja tu ndani ya kile kisanduku, kwa mfano namna kielea chake kinavyokaa kwenye ngama ya mashua ya mbao bila kukwama kwa mchanga na magamba ya samaki. Aingie Espacenet, hazina ya hataza ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Ni bure, na ina mamilioni ya maelezo ya uvumbuzi kutoka nchi mbalimbali. Akumbuke pia kwamba hataza hufanya kazi pale tu ilipotolewa. Iliyosajiliwa Japani peke yake haimzuii mtu wa Faza kuitumia Kenya, ila ahakikishe kwanza kwamba haikuombwa hapa kwetu au kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la baadhi ya nchi za Afrika, ambalo Kenya ni mwanachama wake.

Hatua ya pili ni kuandika. Achore kila sehemu, aweke tarehe, na apunguze kuonyesha matumbo ya kisanduku kwenye video kabla hajawasilisha maombi. Hatua ya tatu ni kwenda KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, iliyoko Nairobi. Wakimwambia uvumbuzi wake haufiki kimo cha hataza, aulize kuhusu cheti cha uvumbuzi mdogo, ambacho ulinzi wake ni miaka 10. Kipo kwa ajili ya watu kama yeye, waliokiboresha kitu kilichokuwapo. Na jina atakalokiita kisanduku alisajili kama alama ya biashara.

Asiyaone makaratasi haya kuwa usumbufu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na sisi ndio tulioikuza kwa matumizi yetu, mpaka muuza samaki sokoni akalipwa kwa simu. Lakini jina na haki za mfumo zilikuwa za Vodafone ya Uingereza, na Safaricom ikawa inailipa ada. Ni mwaka 2020 tu ndipo Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini walipozinunua. Aliyekuwa na karatasi ndiye aliyelipwa, na hakuhitaji kummiminia mtu gundi.

Nanyi wanunuzi, swali langu la ufunguo liko hivi dukani. Mkinunua printa, ulizeni kama inakubali wino wa kumimina. Mimi sasa natumia ya tangi na sindano nimeiweka kando. Mkinunua mashine ya boti, ulizeni kama fundi wa hapa anaweza kuitambua hitilafu yake au lazima ije kompyuta ya wakala kutoka Mombasa. Mkinunua simu, ulizeni betri inabadilishwaje na nani. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya kupewa maelezo yanayohitajika ili afaidi alichokinunua. Kuuliza si ukorofi.

Mdogo wangu wa Faza, mwambie kaka yako hivi. Mfuniko autie skrubu za kawaida. Betri iwe ya aina inayouzwa kila duka la simu. Ndani ya mfuniko abandike mchoro mdogo, na namba yake ya simu chini. Watakaoweza kutengeneza watatengeneza, wasioweza watamrudia yeye, na wote watamtaja kwa wema. Kile kipande kilicho chake kweli, akipeleke KIPI.

Na akisita bado, amfikirie mnunuzi wake wa tano. Iko siku kisanduku kitanyamaza. Mwenyewe atakuwa Kiwayu, kaka yako Faza, usiku, na maji yanapanda kwenye ngama. Bisibisi ikae mkononi mwa yule aliye na mashua.