SOMO LA AFYA: KANSERE YA MAZIWA NA MAMA ZETU



Somo la safari hii ni juu ya ugonjwa ambao watu wanautaja kwa sauti ya chini: kansere ya maziwa. Wavulana, musigeuze ukurasa. Kila mmoja wenu ana mama, dada ao shangazi. Tena ugonjwa huu unapata wanaume pia, ijapo ni mara chache sana.

1. Ni ugonjwa gani?

Mwili umejengwa na chembe ndogo sana, zile tunaziita selule katika somo la biolojia. Selule zinazaana kwa kipimo. Kansere inaanza wakati selule moja inaacha kutii kipimo: inazidi kuzaana mpaka inafanya kivimbe. Kisipotunzwa, selule zake zinapita katika damu na kuingia ndani ya mifupa, maini ao mapafu. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si kulogwa.

2. Tuangalie hesabu

Mwaka 2022 wamama karibu 2,300,000 duniani walionekana na ugonjwa huu, na karibu 670,000 walikufa nao. Katika inchi tajiri sana, mama 1 kati ya 12 anaonekana nao katika maisha yake, na 1 kati ya 71 anakufa nao. Katika inchi maskini, 1 kati ya 27 anaonekana nao, na 1 kati ya 48 anakufa. Ni kusema: kwetu wanaoonekana nao ni wachache, lakini wanaokufa ni wengi. Sababu gani?

3. Je, ni damu yetu?

Wengine wanajibu: "Ni damu ya mtu mweusi." Kuna kweli kidogo ndani yake. Selule nyingi za kansere ya ziwa ziko na kitu sawa kufuli, kinachopokea homoni. Dawa ya tamoksifeni inaziba kufuli hiyo. Lakini kuna aina moja isiyokuwa na kufuli hizo; inakimbia sana, na tamoksifeni haiiwezi. Aina hiyo inapata wamama weusi karibu mara mbili kuliko wazungu. Hata hivyo dawa zingine zinaisaidia, zaidi kama imevumbuliwa mapema.

Lakini damu haielezi yote. Tusikie mashahidi wawili.

Wa kwanza ni Marekani. Mpaka karibu mwaka 1980, wamama weusi na wazungu wa kule walikufa kwa ugonjwa huu karibu sawasawa. Kisha zikaja picha za kupima maziwa na dawa mpya. Vifo vya wazungu vilishuka. Vya weusi vilichelewa kushuka. Leo weusi wanakufa karibu 40 kwa 100 kupita wazungu. Je, damu ilibadilika katika miaka hiyo? Hapana. Kilichoachana ni matunzo.

Wa pili ni Afrika yenyewe. Tangu mwaka 2014, wamama zaidi ya 2,000 wa inchi 5 walifuatwa katika utafiti unaoitwa ABC-DO. Baada ya miaka 3, huko Namibia wazungu 90 kati ya 100 walikuwa wazima. Weusi walikuwa 56. Uganda na Zambia walikuwa kati ya 44 na 47.

4. Wakati unapotea wapi?

Kwa jirani zetu Rwanda, wamama 144 waliulizwa katika hospitali za Butaro na Rwinkwavu. Nusu yao walikaa na alama ya ugonjwa miezi 5 ao zaidi mbele ya kwenda kwa munganga. Na baada ya kufika, nusu walingoja tena miezi 5 ao zaidi ndipo ugonjwa ujulikane. Basi, kosa si la mama peke yake. Yeye anasema: "Haiumi, acha tu, na makuta sina." Na kwenye kituo cha afya anapewa vidonge na kurudishwa nyumbani.

Hapa Goma mashine ya kuchoma kansere kwa miale hatuna. Mtu anapaswa kutafuta njia ya Kigali, ambako hospitali ya Kanombe ilianza kazi hiyo mwaka 2019, ao Kampala. Ni safari ya pesa nyingi. Kwa hiyo kwetu sisi kuchelewa kuna bei kali zaidi.

5. Alama za kujua

a) Kivimbe kigumu ndani ya ziwa ao kwapani. Mara nyingi hakiumi.
b) Ngozi ya ziwa kuwa sawa ganda la chungwa.
c) Chuchu kuingia ndani ao kutoa damu.
d) Ziwa moja kubadili umbo.

Musitie mama hofu: vivimbe karibu 9 kati ya 10 si kansere. Lakini kwa macho tu hatuwezi kujua. Inafaa kupima kwa ekografi, na kipande kidogo kichukuliwe kwa sindano, kiangaliwe katika laboratware. Shirika la Afya la Dunia (OMS) linasema jibu lisipite siku 60. Mama ana haki ya kuuliza: "Munganga, jibu langu litatoka siku gani?"

6. Maombi na munganga

Mama mwingine anaficha kivimbe juu ya kuogopa bwana yake atamuacha. Mwingine anasema atakwenda hospitali kisha maombi kumalizika. Tuombe, ndiyo. Lakini Luka aliyeandika Injili alikuwa munganga, na Paulo alimuita mpendwa. Kuomba na kwenda kupimwa ni safari moja. Mtu anaweza kuomba akiwa njiani.

Kazi ya nyumbani

1. Eleza sababu gani kivimbe kisichouma kinaweza kuwa cha hatari.
2. Mfano wa Marekani unatufundisha nini juu ya "damu"?
3. Jioni hii soma sehemu ya 5 mbele ya mama yako ao mama anayekulea. Kama akinyamaza sana, usimuache hapo. Mwambie: "Mama, kesho tutakwenda pamoja."