Heshima ya Bendera na Haki ya Dhamiri

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yanayowashughulisha watu walioingia karibuni katika Uislamu, na wale wanaouchunguza kwa nia njema, limo hili: Je, mtu anayemwabudu Mungu Mmoja aweza kusimama wima bendera inapopandishwa na wimbo wa taifa unapopigwa? Na endapo nafsi yake inakataa, je, amekuwa adui wa nchi yake?

Swali hili limewapotezea watu kazi, na wengine limewahamisha makwao. Wengi katika hao walikuwa wanamichezo, kwani mwanamichezo husimama mbele ya macho ya maelfu katika saa ile ile taifa linapojitukuza. Basi na tulitazame jambo hili kwa mifano iliyotukia kweli, kisha tuone dini yatuongoza wapi.

Kisa cha Mahmoud Abdul-Rauf

Mahmoud Abdul-Rauf alizaliwa mwaka 1969 katika mji wa Gulfport, jimbo la Mississippi, Marekani, akaitwa Chris Jackson. Alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa kikapu, na mwaka 1990 alichukuliwa na timu ya Denver Nuggets. Mwaka 1991 alisilimu, na mwaka 1993 akabadili jina lake kisheria.

Katika msimu wa 1995 hadi 1996, yeye ndiye aliyekuwa akiifungia timu yake pointi nyingi kuliko wenzake. Lakini wimbo wa taifa ulipopigwa kabla ya mchezo, hakusimama pamoja nao. Mara nyingine alibaki katika chumba cha kubadilishia nguo, mara nyingine aliketi. Hakumzuia mtu kusimama, wala hakupiga kelele. Miezi ilipita bila ya kuwa jambo kubwa. Waandishi wa habari walipomwuliza mwezi Machi 1996, alijibu kwamba kwa watu wengi bendera ile ilikuwa alama ya dhuluma, na kwamba dini yake haimruhusu kuiunga mkono dhuluma.

Ligi ilikuwa na kanuni ya kuwataka wachezaji wote wasimame kwa adabu wakati wa wimbo. Tarehe 12 Machi 1996 alisimamishwa kucheza bila malipo, na kila mchezo ambao angeukosa ungemgharimu zaidi ya dola 31,000. Aliukosa mchezo mmoja tu, kwani yalipatikana mapatano: atasimama pamoja na wenzake, lakini atakuwa akimwomba Mwenyezi Mungu. Tarehe 15 Machi, katika mji wa Chicago, alisimama ameinamisha kichwa na kufumba macho, mikono ameikunjua mbele ya uso kama Mwislamu aombavyo dua. Alikuwa ameeleza kwamba atawaombea wote wanaoteseka, wa kila rangi na kila dini.

Hata hivyo gharama haikuishia hapo. Kabla ya msimu mwingine timu yake ilimhamishia Sacramento, nafasi yake ikapungua mwaka hadi mwaka, na mwaka 2001 alicheza mchezo wake wa mwisho katika ligi hiyo.

Yafaa ikumbukwe kwamba Waislamu wenyewe hawakuwa na kauli moja. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria na Mwislamu mashuhuri katika ligi hiyo hiyo, alisema kwamba kwa jumla mafundisho ya Kiislamu ni kutii na kuheshimu, na kwamba Mwislamu mwema huwa raia mwema. Basi tusidhani kwamba Uislamu wenyewe ulimwamuru Abdul-Rauf aketi. Ilikuwa ni hukumu ya dhamiri yake juu ya maana ya alama ile.

Je, kusimama ni ibada?

Hapa mwenye kuchunguza hana budi kupambanua. Ibada haihusu Mungu mwingine ila Allah. Lakini si kila kusimama ni ibada. Katika Hadithi za Bukhari imepokewa kwamba Mtume Muhammad s.a.w. alisimama jeneza la Myahudi lilipopita mbele yake. Alipoambiwa kwamba maiti yule ni Myahudi, alijibu kwa kuuliza kama yule naye hakuwa nafsi. Alisimama kwa heshima, wala hapana Mwislamu adhaniye kwamba aliabudu. Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya bendera kwa nia ya kuwaheshimu raia wenzake na nchi iliyomlea, hajaivunja Tauhidi.

Lakini kuna upande wa pili. Bendera ni kitambaa, na wimbo ni sauti. Thamani yake yatoka katika ahadi iliyo nyuma yake: haki, usalama na usawa kwa kila raia. Yule ambaye ahadi hiyo haijamfikia huiona alama ile ile kwa jicho jingine. Kumlazimisha asimame hakumfanyi aipende nchi, bali kwamfunza unafiki. Na unafiki ni ugonjwa ambao Kurani Tukufu imeukemea kwa ukali mkubwa.

Wengine katika viwanja vya michezo

Abdul-Rauf hakuwa wa kwanza. Tarehe 16 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, Tommie Smith wa Marekani alishinda mbio za mita 200 kwa sekunde 19.83, na mwenzake John Carlos akawa wa tatu. Waliupanda ukumbi wa washindi bila viatu, wamevaa soksi nyeusi kuonyesha umaskini wa watu weusi. Wimbo wa nchi yao ulipopigwa waliinamisha vichwa, kila mmoja akainua ngumi moja iliyovikwa glavu nyeusi. Mshindi wa pili, Peter Norman, mzungu wa Australia, alivaa kifuani beji ya haki za binadamu kama yao ili kuwaunga mkono. Smith na Carlos waliondolewa katika timu yao na kurudishwa nyumbani. Norman alipofariki mwaka 2006, hao wawili walilibeba jeneza lake. Mwaka 2012 Bunge la Australia lilimwomba Norman radhi, naye yu kaburini. Mwaka 2019 Kamati ya Olimpiki ya Marekani iliwaingiza Smith na Carlos katika orodha ya mashujaa wake. Waliofukuzwa kama wakosaji walipokewa kama mashujaa baada ya miaka 51!

Bara letu la Afrika nalo lina mfano wake. Mwezi Agosti 2016, huko Rio de Janeiro, Feyisa Lilesa wa Ethiopia alimaliza mbio za marathoni akiwa wa pili. Alipoukaribia mstari wa mwisho aliinua mikono na kuikingamanisha juu ya kichwa, ishara ya Waoromo waliokuwa wakipinga matendo ya serikali ya wakati huo. Aliogopa kurudi kwao, akaishi uhamishoni Marekani hadi Oktoba 2018, serikali ilipokwisha badilika. Mtu asiyeipenda nchi yake asingalihatarisha makao yake na jamaa zake kwa ajili ya watu wake.

Na katika mwezi huo huo wa Agosti 2016 ilijulikana kwamba Colin Kaepernick, mchezaji wa timu ya San Francisco 49ers, alikuwa akiketi wakati wa wimbo wa taifa ili kupinga dhuluma wanayotendewa watu weusi. Baada ya kushauriana na Nate Boyer, aliyewahi kuwa askari wa kikosi maalumu, aliacha kuketi, akapiga goti moja, ili asionekane kuwadharau askari. Tangu alipoiacha timu hiyo mwaka 2017 hakuchezea tena timu nyingine ya ligi hiyo.

Sheria imesemaje?

Mwaka 1940 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba wanafunzi waweza kulazimishwa kuisalimu bendera. Lakini tarehe 14 Juni 1943, katikati ya vita kuu, mahakama hiyo hiyo iliitengua hukumu yake katika kesi ya watoto wa Mashahidi wa Yehova wa West Virginia. Iliamua kwamba serikali haina mamlaka ya kumlazimisha raia kuungama kwa ulimi au kwa ishara jambo ambalo moyo wake haulikubali. Kadhalika mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi wa madhehebu hayo hayo waliokuwa wameadhibiwa shuleni kwa kutoimba wimbo wa taifa. Sisi hatukubaliani na Mashahidi wa Yehova katika itikadi zao, lakini haki ya dhamiri wakinyimwa wao leo, kesho tutanyimwa sisi.

Hata hivyo, katika Marekani kinga hiyo huifunga serikali tu, na mwajiri binafsi hafungwi nayo. Ndiyo sababu ligi iliweza kumwadhibu Abdul-Rauf. Basi mwenye kupinga na ajue mapema kwamba aweza kuwa na haki, na bado akalipa gharama.

Mfano wa Uhabeshi

Sasa tuurudie mwanzo wa Uislamu. Karibu na mwaka 615, baadhi ya Waislamu walioteswa Makka walikimbilia Uhabeshi. Makureshi walituma wajumbe kwa mfalme Najashi ili awarudishe. Imepokewa kwamba Waislamu walipoingia barazani hawakumsujudia mfalme kama ilivyokuwa desturi. Walipoulizwa, Ja'far bin Abi Talib r.a. alieleza kwa upole kwamba wao hawamsujudii yeyote ila Mwenyezi Mungu. Mfalme yule, Mkristo mwadilifu, hakuona kwamba ametukanwa. Aliwasikiliza, akawapa ulinzi.

Je, watu hao walikuwa raia wabaya? Bibi Ummu Salama r.a., aliyekuwapo, amesimulia kwamba adui alipoinuka kumpiga vita Najashi, Waislamu walimwomba Mwenyezi Mungu ampe Najashi ushindi. Zubair r.a., aliyekuwa kijana kuliko wote, alivuka mto Naili juu ya kiriba kilichopulizwa hewa ili awaletee habari za vita, na walipopata habari ya ushindi walifurahi mno.

Ndugu msomaji, zingatia sana. Walilikataa tendo moja la mwili, lakini katika mambo yote mengine waliitakia nchi ile heri kwa moyo wa kweli. Kinyume chake, wajumbe wa Makureshi walisujudu, na huku walikuja na zawadi za kuwahonga wakuu wa baraza. Ni nani basi aliyemheshimu mfalme?

Adabu za mwenye kupinga

Huenda mtu akauliza: Kama kila mmoja atafuata dhamiri yake, je, nchi haitaingia fujo? Jibu letu ni kwamba haki hii ina adabu zake. Kwanza, asidhuru mwili wala mali ya mtu. Pili, asiwatukane wanaosimama, kwani nao wana dhamiri zao. Tatu, awe mkweli na azitii sheria nyingine zote, ili isionekane kwamba anatafuta kisingizio cha uasi. Nne, awe tayari kuvumilia gharama bila kulipiza kisasi. Tano, kama Abdul-Rauf, asikatae njia ya mapatano ambayo haimvunjii imani yake.

Wenye mamlaka na watazamaji nao wana wajibu wao. Kabla ya kumzomea aliyepiga goti, na wamwulize analia nini. Katika sura An-Nisaa, Kurani Tukufu imeamuru waaminio wasimame imara katika uadilifu, hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Ikiwa hatuna ruhusa ya kuficha kosa la mzazi wetu, twawezaje kuamriwa tufiche kosa la nchi yetu?

Basi msomaji mpendwa, ukisimama bendera inapopandishwa, simama kwa moyo safi, na uitimize kwa vitendo ahadi ya bendera hiyo. Na ukimwona jirani yako hasimami, usiharakishe kumwita mwasi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzipenda nchi zetu kwa ukweli na uadilifu. Amin.