Maili Imepanda Bei: Mafunzo Niliyopata kwenye Malori ya Marekani

Vijana wa nyumbani wananiuliza swali moja: ni kweli dereva wa lori Marekani analipwa dola laki moja kwa mwaka? Wengine wapo Dar es Salaam na Mombasa, wengine wamekwishafika Dallas au Columbus na wanatafuta pesa za kusomea CDL, leseni ya kuendesha malori makubwa. Swali hilo lina chanzo. Aprili 2022 kampuni ya maduka ya Walmart ilitangaza kwamba dereva wake mpya wa masafa marefu ataweza kupata kati ya dola 95,000 na 110,000 katika mwaka wa kwanza, na habari hiyo ikazunguka kwenye simu zetu zote. Nimeendesha malori ya pande zote mbili, zamani kutoka Dar hadi Lubumbashi kupitia Tunduma, na sasa huku. Nawajibu kwa niliyoyaona.

1. Malipo yalipanda kweli

Mwaka 2021 watu walikaa nyumbani wakanunua vitu kupita kiasi, meli zikapanga foleni nje ya bandari za Los Angeles na Long Beach, na kila mwenye mzigo akatafuta lori. Kampuni zikaanza kunyang'anyana madereva. Mwenzangu alikuwa akihama kampuni moja kwenda nyingine na kila alipohama aliongezwa senti kadhaa kwa maili. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha hivyo hivyo. Dereva wa katikati, ambaye nusu ya wenzake wanamzidi na nusu yeye anawazidi, alipata dola 48,310 kwa mwaka katika hesabu ya Mei 2021. Mei 2024 alipata dola 57,440.

Angalieni lakini umbali uliopo kati ya namba hiyo na laki moja. Walmart inasafirisha bidhaa zake yenyewe na kwa kawaida huchukua madereva wenye uzoefu. Kijana aliyetoka shule ya udereva jana kwa kawaida haanzii pale.

2. Ukitajiwa senti, uliza maili

Dereva wa masafa marefu huku kwa kawaida halipwi kwa mwezi wala kwa saa. Analipwa kwa maili. Chukua mfano wa dereva anayelipwa senti 50 na kutembea maili 2,500 kwa wiki: anapata dola 1,250. Kampuni nyingine inamwita kwa senti 60, anafurahi, anahama. Huko dispacha, yule anayempangia mizigo, anampa maili 1,900 tu. Sasa anapata dola 1,140. Ameongezwa senti kumi na mfuko umepungua.

Ukigawa dola hizo 1,140 kwa saa 65 za kazi, jambo la kawaida kabisa kwa dereva wa masafa marefu, unapata pungufu ya dola 18 kwa saa. Hapo sijahesabu usiku anaolala ndani ya kabini kwenye maegesho, mbali na mkewe na watoto.

3. Pesa nyingi inapotelea getini

Kama kuna fungu moja la kusoma mara mbili, ni hili. Sheria inamruhusu dereva kuendesha saa 11 tu, ndani ya kipindi cha saa 14 tangu aanze kazi, na lazima awe amepumzika saa 10 mfululizo. Tangu Desemba 2017 malori mengi ya masafa marefu yanatakiwa kuwa na kifaa cha kielektroniki kinachorekodi saa hizo, na kudanganya si rahisi. Ukifika kwenye ghala asubuhi ukaambiwa usubiri, saa zako 14 kwa kawaida zinaendelea kuliwa. Trela imesimama, maili hazisogei, malipo hayasogei.

Desturi ya biashara hii ni kwamba saa mbili za kwanza za kusubiri ni za bure. Baada ya hapo mwenye ghala anaweza kudaiwa fidia, na fidia hiyo huenda kwa kampuni kwanza. Ikifika kwa dereva au isifike, ni suala la mkataba. Mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani alitoa ripoti iliyokadiria kwamba kusubiri huku kunawapunguzia madereva wa kampuni zinazobeba mizigo ya wengine kwa malipo zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka, wote kwa pamoja. Ripoti hiyo hiyo ilihusisha kusubiri kwa muda mrefu na ongezeko la ajali, na mimi sioni ajabu: aliyepotezewa asubuhi yake getini atataka kuifidia usiku barabarani.

Mpakani Tunduma tulikuwa tunalijua jambo hili kwa sura nyingine. Wengi wetu tulipewa posho ya safari, kiasi kile kile, uvuke mpaka leo au ukae foleni siku kadhaa ukinunua chakula na maji kwa posho hiyo hiyo. Nchi mbili zilizo mbali hivi, na gharama ya kuchelewa ilibebwa na mtu yule yule aliyekaa nyuma ya usukani. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

4. Tofautisha uhaba wa madereva na madereva kukimbia

Oktoba 2021 chama cha wenye kampuni za malori, ATA, kilisema Marekani inapungukiwa madereva 80,000. Lakini wachumi Stephen Burks na Kristen Monaco walikuwa wamelichunguza soko hili mwaka 2019 wakaona linafanya kazi kama masoko mengine: malipo yakipanda, watu wanakuja. Kwa miaka mingi kampuni kubwa za masafa marefu zilizoea kuona madereva wakiondoka kwa kiwango cha karibu asilimia 90 kwa mwaka. Kampuni inayopoteza watu kwa kasi hiyo itatangaza nafasi za kazi kila wiki hata kama nchi imejaa wenye leseni.

5. Bonasi isome hadi mstari wa mwisho

Tangazo linasema dola elfu kadhaa za kukukaribisha. Mkataba unasema zitagawanywa kwa miezi, na ukiondoka kabla ya muda hupati zilizobaki. Kampuni ikikulipia shule, huenda ikakudai kazi ya mwaka mzima au irudishiwe fedha zake.

6. Lori la kukopeshwa na mwajiri ni mtego

Jirani yangu, Mkongomani kutoka Bukavu, aliahidiwa na kampuni moja kuwa mwenye lori lake. Kila wiki kampuni ilikata marejesho ya lori, bima, dizeli na matengenezo, kisha ikampa kilichobaki. Ziko wiki ambazo hakikubaki kitu. Mizigo alipewa na kampuni ile ile inayomdai, kwa hiyo mizigo ilipopungua hakuwa na pa kukimbilia. Alilirudisha lori mikono mitupu. Januari 2025 jopo lililoundwa kwa agizo la Bunge la Marekani lilipendekeza mikataba ya aina hii ipigwe marufuku. Nakubaliana nalo moja kwa moja.

7. Mizigo ikipungua, neema hupungua

Kuanzia 2022 watu walirudi kutumia fedha zao kwenye safari na mikahawa, na bei ya kusafirisha mizigo ikaporomoka. Waliokuwa wamenunua malori kwa bei ya juu mwaka 2021 waliumia zaidi. Mwaka 2023 kampuni ya malori ya Yellow, iliyoanzishwa miaka ya 1920, ilifunga na watu takriban 30,000 wakapoteza kazi.

8. Dai malipo ya saa

Sheria ya kazi ya mwaka 1938 ndiyo msingi wa malipo ya ziada Marekani: anayezidisha saa 40 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu. Madereva wa masafa marefu waliachwa nje tangu mwanzo, na bado wapo nje. Mfanyakazi wa ghala akichelewa kunipakilia, saa yake ya 41 inalipwa zaidi, na mimi niliyemsubiri sipati kitu. Upo muswada wa kuondoa ubaguzi huu, na OOIDA, chama cha madereva wenye malori yao, kinauunga mkono. Bunge halijaupitisha. Ungepita, wenye maghala wangejifunza kupakia haraka, kwa sababu kuchelewa kungeanza kuwagharimu wao.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mwajiri akikupigia simu, mwulize kabla ya yote atakulipa nini lori likiwa limesimama. Mwulize madereva wake walitembea maili ngapi kwa wiki mwezi uliopita, na fidia ya kusubiri inaanza lini na ni ya nani. Majibu yote yaandikwe kwenye mkataba. Asipotaka kuyaandika, usisaini.