Tairi Jipya la Pikipiki: Namna ya Kulichagua na Kulitia

Pikipiki hugusa barabara mahali pawili tu, na kila mahali hapazidi sana upana wa kiganja cha mkono. Breki, kona, na uzito wote wa mwendeshaji, abiria na mzigo hutegemea mahali hapo pawili. Gari likipasukiwa na tairi moja lina mengine matatu ya kulishikilia. Pikipiki haina msaada huo. Hata hivyo wengi waendao dukani huuliza swali moja tu: "Ni bei gani?" Somo hili lataka kuonyesha kwamba neno la kwanza si bei, bali ni maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Ajuaye kuyasoma hadanganywi kwa urahisi.

Tairi la zamani limekwisha lini?

Meno ya tairi hayakuwekwa kwa urembo. Mvua ikinyesha, maji hupita katika mifereji iliyo kati ya meno, na mpira ukashika lami. Ndani ya mifereji ya matairi mengi mna vinundu vidogo, na mahali pake huonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI au kwa pembetatu. Meno yakilika hata yakawa sawa na vinundu hivyo, tairi limekwisha kazi. Vile vile usiliamini tairi lenye nyufa, lenye uvimbe, au linaloonyesha nyuzi, hata kama meno yake bado ni marefu.

Kusoma ubavu wa tairi

Tuchukue mfano wa tairi lililoandikwa 3.00-17 50P. Tarakimu 3.00 ni upana wa tairi kwa inchi. Tarakimu 17 ni kipimo cha rimu, yaani inchi 17 kutoka upande mmoja hata wa pili. Tarakimu 50 ni alama ya uzito: maana yake tairi hilo laweza kuchukua kilo 190, likiwa na upepo wa kutosha. Herufi P yaonyesha kwamba mwendo wake usipite kilomita 150 kwa saa. Matairi mengine huandikwa kwa namna nyingine, kama 90/90-18: upana ni milimita 90, kimo cha ubavu ni sehemu 90 katika kila 100 za upana huo, na rimu ni ya inchi 18.

Nunua kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako. Wako wadhanio kwamba tairi pana zaidi ni lenye nguvu zaidi. Sivyo. Likitiwa katika rimu nyembamba hubanwa likapoteza umbo lake, na laweza hata kukwaruza mnyororo. Tena alama ya uzito isiwe chini ya ile iliyoagizwa. Sheria ya Kenya yaruhusu pikipiki kuchukua abiria mmoja tu. Anayepakia wawili na gunia juu yake alitwisha tairi la nyuma mzigo lisiofanyizwa kuuchukua.

Tazama pia umri. Karibu na herufi DOT tafuta tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2224, tairi lilifanyizwa katika juma la 22 la mwaka 2024. Mpira hukauka hata ukikaa dukani bila kutumiwa, hasa ukipigwa na jua.

Kulitia tairi

Kazi hii yataka subira kuliko nguvu.

1. Simamisha pikipiki imara, ondoa gurudumu, kisha toa upepo wote kabla ya kubandua tairi.

2. Safisha rimu kwa brashi. Hakikisha kwamba utepe wa mpira umefunika vichwa vya spoki vyote, kwa maana kichwa kimoja kilicho wazi chatosha kutoboa tyubu.

3. Kama gurudumu ni la kutumia tyubu, tia tyubu mpya ya kipimo kile kile. Tyubu kuukuu imekwisha kutanuka, na ikikunjamana ndani ya tairi jipya hukatika.

4. Tazama mshale ulio ubavuni. Lazima uelekee upande ambao gurudumu huzungukia pikipiki iendapo mbele.

5. Paka kingo za tairi maji ya sabuni. Usitumie oili wala petroli, kwani huharibu mpira. Itie tyubu upepo kidogo tu ipate umbo lake, isibanwe na chuma.

6. Anza upande ulio mbali na vali, umalizie penye vali. Unapoinua ukingo kwa chuma, kanyaga ukingo wa upande wa pili uingie katika bonde la katikati ya rimu. Hapo ndipo tairi hulegea. Asiyejua siri hii hutumia nguvu nyingi, akatoboa tyubu aliyoinunua saa hiyo hiyo.

7. Jaza upepo polepole. Ubavuni mna mstari mwembamba ulio karibu na rimu; uwe sawa kuzunguka pande zote mbili. Usipokuwa sawa, toa upepo, paka sabuni tena, ujaze upya. Usipitishe kipimo cha juu kilichoandikwa ubavuni.

Kabla ya kuondoka

Kaza nati ya ekseli, tazama kulegea kwa mnyororo, na ujaribu breki ukiwa umesimama. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, ukifuata kitabu. Tairi la nyuma huhitaji upepo zaidi ukichukua abiria. Tena tairi jipya lina utelezi. Kwa kilomita 150 za kwanza endesha taratibu, usilale sana konani, wala usifunge breki kwa ghafula, hasa mvua inyeshapo.

Fedha zilizookolewa kwa kununua tairi lisilofaa hulipwa hospitalini, na mara nyingine hulipwa na abiria asiyejua lo lote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi leo, kabla ya kuwasha pikipiki yako, inama usome ubavu wa kila tairi, ulinganishe na kitabu chako. Ni kazi ya dakika mbili.