Kwa Nini Kamera ya Gari Hubaki Ikiwaka Baada ya Gari Kuzimwa?

Asafiriye kutoka Nyakanazi, wilayani Biharamulo, kwenda Rusumo, wilayani Ngara, hukutana na malori yaendayo Rwanda na yale yarudiyo kutoka huko. Ndani ya baadhi ya malori hayo, na katika magari madogo pia, mna kamera ndogo iliyobandikwa nyuma ya kioo cha mbele, ambayo hupiga picha za njia muda wote wa safari. Ajali ikitokea, picha hizo huweza kuonyesha ni nani aliyehama upande wake. Lakini dereva anapofika, akazima injini na kuchomoa ufunguo, mara nyingine huona kitaa cha kamera kingali kinawaka. Je, gari halikuzimwa?

Kwa kweli gari halizimwi lote. Ufunguo husimamisha injini, lakini hauitengi betri na gari. Msomaji anaweza kuhakikisha jambo hili mwenyewe: ufunguo ukiwa mfukoni, taa za hatari huwaka na saa huendelea kuhesabu. Sababu ni kwamba ndani ya gari mna njia za umeme za aina mbili. Ya kwanza hutoka katika betri, ikapita katika fyuzi, ikaenda moja kwa moja kwenye chombo. Tuiite njia ya kudumu. Ya pili hulazimika kupita kwanza katika swichi ya ufunguo. Tuiite njia ya swichi. Herufi ACC zinazoonekana kando ya tundu la ufunguo katika magari mengi zinaonyesha mahali ambapo redio hupata umeme ingawa injini haijawashwa. Ufunguo ukirudishwa nyuma ya hapo, njia ya swichi hukatika. Njia ya kudumu haijui habari hiyo.

Basi swali letu la kwanza linageuka kuwa hili: kamera imefungwa kwenye njia ipi? Ikiwa imechomekwa katika tundu la kiwashio cha sigara, hutegemea mtengenezaji wa gari. Katika magari mengi madogo yatokayo Japani tundu hilo hukosa umeme ufunguo unapochomolewa. Katika magari mengine, yakiwamo baadhi ya malori, halikosi. Ikiwa fundi ameifunga katika kisanduku cha fyuzi, kwa kawaida hutumia nyaya tatu: mmoja kwenye njia ya kudumu, mmoja kwenye njia ya swichi, na wa tatu kwenye bodi ya gari, ambayo imeungwa na ncha hasi ya betri. Waya wa njia ya swichi hauilishi kamera; kazi yake ni ya mjumbe. Umeme ukikatika humo, kamera hutambua kwamba gari limeegeshwa, ikaingia katika ulinzi, yaani hurekodi pale tu kitu kinapopita au gari linapotikiswa. Fundi mwenye haraka akiunga nyaya zote mbili kwenye fyuzi moja ya kudumu, kamera hudhani safari inaendelea, nayo hurekodi usiku kucha.

Kuwaka kwa sekunde chache tu si kosa la fundi. Kamera huandika picha zake katika kadi ya kumbukumbu, na umeme ukikatika ghafula faili la mwisho huweza kubaki bila kufungwa, likashindwa kusomeka. Kwa hiyo ndani yake huwekwa betri ndogo, au kapasita kubwa ambayo huvumilia vizuri zaidi joto la juani nyuma ya kioo. Kapasita ya faradi 5 iliyojazwa hadi volti 5 hushika nishati ya ½ × 5 × 5², yaani jouli 62.5. Kamera itumiayo wati 4 ingeweza kuishi kwa nishati hiyo sekunde 15 hivi, ingawa haitaweza kuitumia yote, kwa kuwa volti hushuka kadiri kapasita inavyomwagika.

Tatizo ni kamera iwakayo siku tatu. Tuchukue mwalimu wa Ngara aliyeegesha gari lake Ijumaa saa 10 jioni, akalirudia Jumatatu saa 2 asubuhi: saa 64. Kamera na kigeuza-volti chake, tuseme, hutumia wati 5, sawa na balbu moja ndogo ya taa ya kuegeshea. Wati 5 zikigawanywa kwa volti 12.5 hutoa ampea 0.4. Nani angeogopa mkondo mdogo hivyo? Lakini 0.4 × 64 ni ampea-saa 25.6. Betri mpya ya ampea-saa 45 itadhoofika, na huenda ikaliwasha gari. Betri kuukuu ambayo uwezo wake umepungua hadi ampea-saa 30 itabakiwa na 4 tu, na stata ya gari dogo hudai ampea 100 na zaidi kwa muda mfupi. Tena baridi ya alfajiri katika milima ya Ngara hupunguza kasi ya mabadiliko ya kikemia ndani ya betri. Gari litasukumwa. Betri yenyewe nayo hudhurika, kwani ikiachwa tupu, salfeti ya risasi hugeuka kuwa fuwele ngumu juu ya bamba zake, na chaji hairudi kama zamani.

Lori lililo kwenye foleni ya Rusumo lina hali tofauti. Lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfuatano kutoa volti 24, hivyo kamera ileile huvuta ampea 0.2 tu, nazo betri zake ni kubwa mno. Siku tatu si kitu. Hatari ya lori ni nyingine, nayo ni ya werevu usio na elimu: kamera ya volti 12 hufungwa kwenye betri moja kati ya zile mbili. Betri hiyo hupungua peke yake, lakini alteneta huzichaji zote mbili kwa mkondo mmoja. Basi moja hukaa na njaa na nyingine hushibishwa kupita kiasi, maji yake yakakauka. Mwenye lori hununua betri mpya bila kujua mwizi ni nani. Kamera ya namna hiyo yapasa ipate umeme kupitia kigeuza-volti kilichoungwa kwenye volti 24 zote.

Viko vifaa vya kufungia kamera ambavyo hupima volti za betri na kuikata kamera zinaposhuka, kwa mfano, hadi 12.0. Betri iliyopumzika ikiwa imejaa huonyesha kama 12.7, na iliyofika nusu 12.2, kwa hiyo mwenye betri kuukuu afadhali achague kikomo cha juu zaidi.

Shule yenye mita ya umeme na betri ya gari inaweza kulijaribu jambo hili bila kamera. Pimeni volti za betri iliyojaa na iliyopumzika, kisha unganisheni kwayo, kupitia fyuzi, balbu ya volti 12 na wati 5. Pimeni tena kila baada ya saa 2 hadi zifike 12.2, mchore grafu, na kusimamisha jaribio hapo. Kisha ichajini betri siku hiyohiyo mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto. Mkitaka kupima mkondo wa gari lililoegeshwa, wekeni ampea-mita kwa mfuatano katika waya wa ncha hasi, na mtu yeyote asiguse ufunguo: mkondo wa stata huiunguza mita mara moja.